Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mbeya: mwanga na kelele maofisini

Ndugu Katibu Tawala,

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika masjala ya ofisi moja ya umma jijini hapa, ambayo sitaitaja kwa kuwa shida ninayoieleza si yake peke yake. Asubuhi za Juni, ukungu unapoteremka kutoka Loleza na madirisha yakafungwa kwa ajili ya baridi, mwenzangu hulibeba jalada hadi kwenye kioo cha dirisha ili ajue kama tarakimu iliyoandikwa ni 3 au 8. Juu yetu zipo taa za mirija zenye balasti (vifaa vinavyodhibiti umeme wa taa) za zamani, ambazo kwa umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halilioni jambo hilo, lakini kufika saa tisa kichwa kimeshalihisi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 ulionyesha kwamba palipowekwa balasti za kielektroniki, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kuhusu kelele, malori ya Tunduma tumeyazoea. Kinachotuvuruga ni dirisha la huduma lililomo chumba kimoja nasi, kwa sababu akili haiwezi kuyapuuza maneno inayoyaelewa: nimewahi kuandika "ekari mbili" katikati ya barua ya likizo, baada ya mzee mmoja kuueleza kwa sauti mgogoro wa shamba lake. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwaweka makarani kwa saa tatu katika kelele za kawaida za ofisi. Adrenalini yao, yaani homoni ya msongo, ilipanda na wakakata tamaa mapema walipopewa mafumbo magumu, ingawa wenyewe hawakuona kwamba wana msongo zaidi. Ndiyo maana, nadhani, malalamiko hayakufikii.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, wana wakaguzi. Ninaomba uelekeze kwamba kabla ofisi yoyote ya mkoa haijatumia fedha kwa rangi na mapazia, ipimwe kwanza mwanga na kelele, balasti zibadilishwe, na dirisha la huduma litengwe kwa ukuta mwepesi. Viwango vya Ulaya hutaka luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mezani) mahali pa kusomea na kuandikia. Wapimaji waje Juni, saa mbili asubuhi, na kipimo kiwekwe juu ya meza ya karani, si katika chumba cha mkuu chenye madirisha matatu.

Wako mtiifu,
Mtunza kumbukumbu, Mbeya