Mchango wa kuokoa kaseti za Mama Mwalimu

Baba, mama, ndugu zetu wa Goma na ninyi mlio mbali, jambo sana.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake. Kuna waliobebwa kwake mgongo umekaza, wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Mama Mwalimu, aliyetufundisha kukanda na kunyoosha mwili, hayupo tena. Ametuachia sanduku la kaseti 84, masomo aliyojirekodi mwenyewe kwa redio-kaseti yake, na tunaomba mkono wenu tuyaokoe.

Mtu atauliza kwa nini tusiandike tu kwenye daftari. Mama alifundisha kwa mdomo, mikono ikiwa kazini. Ukisikiliza, unasikia akieleza vidole vishukie wapi chini ya bega, kisha ananyamaza, na pumzi ya mgonjwa inaanza kubadilika. Anangoja. Hasemi neno mpaka misuli imelegea. Ule ukimya ndio somo, nao hauandikiki. Mimi yananigusa zaidi masomo aliyowapa vijana wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaosukumwa kwa mguu: jinsi ya kulaza goti juu ya ubao, na jinsi ya kusukuma kwa nyonga ili kiuno kipumzike. Sijayasikia yakifundishwa kwingine.

Wenzetu wa mbali walitunza yao. Moshe Feldenkrais, mwalimu wa Israeli wa kujongeza mwili, aliyefariki mwaka 1984, naye alifundisha kwa sauti: watu walilala sakafuni, yeye akisema, wao wakijongea. Masomo yake zaidi ya 500 ya Tel Aviv yalirekodiwa kwenye tepu, na leo wanajifunza kwake hata waliozaliwa baada ya kifo chake.

Kaseti zetu zimeponea chupuchupu. Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, ilipolipuka Januari 17, 2002, Mama alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, na sanduku kichwani. Zile alizoziacha Birere, mtaa wa Goma, zilimezwa na lava, pamoja na masomo yote ya kuwakanda mama waliotoka kujifungua. Mwaka 2021 mlima ulipolipuka tena, Mei 27 tukaamriwa kuhama, sanduku likaenda mji wa Sake juu ya pikipiki, mvua ikinyesha.

Sasa adui ni unyevu. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi hiyo ikinywa maji ya hewa kwa miaka, inanata, na redio mbovu inaukata utepe. Kaseti tatu zimeota ukungu. Kwa hiyo tunataka kila kaseti ichezwe mara moja, kwa mashine nzima iliyosafishwa kichwa kwa alkoli, na sauti iingie kwenye kompyuta bila kubanwa. Saa moja ya sauti ya namna hiyo inakula kama giga 2, nasi tuna zaidi ya saa 100. Nakala zitakuwa tatu, na moja lazima ikae nje ya Goma. Kwa hilo hatubishani.

Tunahitaji dola 980: mashine na kifaa cha kuingizia sauti, diski tatu, betri na sola (umeme ukikatika katikati ya kaseti, tunaanza upya), na posho ya vijana wawili watakaokaa nayo kila siku. Likelemba yetu, chama chetu cha kuchangiana pesa, imekwisha kutoa 210. Franga 1000 inapokelewa kwa furaha ileile. Mkabidhi mhazini wetu Jumamosi baada ya mkutano, naye atawaandikia risiti. Mlio mbali, tumeni kwa simu kupitia ndugu yenu aliye kwenye kundi. Matumizi yatasomwa mbele ya wote.

Pale mgonjwa anapojitaja jina kwenye kaseti, hatutamsikilizisha mtu kabla ya kuiomba ruhusa familia yake.

Na kama una kaseti ya Mama nyumbani, tafadhali usiijaribu kwenye redio. Ifunge kwa kitambaa kikavu utuletee jinsi ilivyo, hasa kama ni ya masomo yale ya mama wazazi.