Historia ya Wacherokee haikuishia mwaka 1838

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nichangie habari mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu mihadhara ya wazi inayofanyika katika maktaba na majumba ya makumbusho hapa Oklahoma juu ya historia na urithi wa Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya Wenyeji wa Marekani. Nawapongeza kwa kuiona habari hiyo, kwa sababu wengi wetu tunaozungumza Kiswahili na kuishi Tulsa na maeneo jirani tunakanyaga ardhi ya taifa hilo kila siku bila kulijua. Nina hoja moja tu. Mihadhara hiyo ina manufaa makubwa, lakini mingi hukatizwa pale ambapo ingestahili kupamba moto, na mwandishi wenu naye aliikatiza papo hapo, yaani mwaka 1838, jeshi la Marekani lilipowatoa Wacherokee majumbani mwao kwa mtutu wa bunduki ili wahamishiwe magharibi, huku Oklahoma. Msomaji akimaliza habari kama hiyo hubaki akidhani kwamba amesoma tanzia.

Ikumbukwe kwamba mhadhara wa wazi si jambo ambalo watu wengine waliwabunia Wacherokee. Walikuwa wakiutumia wao wenyewe tangu zamani, tena kwa ustadi. Tarehe 26 Mei 1826 kijana wa Kicherokee aitwaye Elias Boudinot alisimama katika kanisa la Wapresbiteri mjini Philadelphia akawahutubia wazungu, akiwa katika ziara ya kuchangisha fedha za kununua mtambo wa kuchapia. Miaka mitano kabla ya hapo Sequoyah, mtu ambaye hakujua kusoma lugha yoyote ile, alikuwa amekamilisha mwandiko wa silabi wa Kicherokee, ambamo kila alama husimamia silabi moja, na watu wake walikuwa wakijifunza kusoma na kuandika kwa kasi iliyowashangaza wamisionari. Kilichokosekana ni herufi za risasi na mtambo. Boudinot alijua vizuri ni wasikilizaji wa aina gani waliokuwa mbele yake, maana mwaka uliotangulia uchumba wake na Harriet Gold, msichana mzungu wa mji wa Cornwall katika jimbo la Connecticut, uliwaghadhabisha wenyeji wa mji huo hata wakachoma hadharani sanamu za wachumba hao, na aliyewasha moto alikuwa kaka yake Harriet. Hata hivyo alisimama, akazungumza kwa Kiingereza fasaha, na fedha zikapatikana.

Matunda ya mihadhara hiyo yalionekana tarehe 21 Februari 1828 katika mji mkuu wa Wacherokee wakati huo, New Echota, uliopo katika jimbo la leo la Georgia, lilipotoka toleo la kwanza la gazeti la Cherokee Phoenix, Boudinot akiwa mhariri. Anayepata fursa ya kuona ukurasa wake asiiache. Safu za Kiingereza na safu za silabi za Sequoyah zimepangwa katika karatasi moja, sheria za taifa zikichapishwa kwa lugha zote mbili ili raia asiyejua Kiingereza asitegemee kusomewa na mtu mwingine. Herufi zilisubuliwa Boston, zikapakiwa melini hadi kusini, kisha zikabebwa kwa magari ya kukokotwa kuvuka nchi kavu. Wataalamu wa mambo ya kale walipofukua New Echota mwaka 1954, walikuta vipande vya herufi hizo vikiwa bado ardhini.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wazungumzaji wengi huipita mbio. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha, na Rais Andrew Jackson akatia saini, sheria ya kuwahamishia Wenyeji wa Marekani upande wa magharibi wa mto Mississippi. Jimbo la Georgia, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa, halikusubiri. Lilitangaza kwamba sheria zake zinatawala nchi ya Wacherokee, na likawagawia raia wake mashamba ya Wacherokee kwa bahati nasibu. Chifu Mkuu John Ross aliporejea kutoka Washington mwaka 1835 alikuta nyumba yake imekaliwa na mtu aliyeshinda bahati nasibu hiyo. Kabla ya hapo, mwezi Machi 1832, Mahakama ya Juu ya Marekani chini ya Jaji Mkuu John Marshall ilikuwa imeamua katika shauri la mmisionari Samuel Worcester kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Wacherokee. Boudinot na John Ridge, kiongozi mwenzake wa Kicherokee, walikuwa ziarani kaskazini wakihutubia watu na kukusanya michango hukumu hiyo ilipotolewa. Ridge alikwenda kumwuliza Rais Jackson kama ataitekeleza, akajibiwa kwamba hatafanya hivyo.

Jibu hilo ndilo lililowagawa ndugu. Ridge na Boudinot waliona kwamba nchi imekwisha kupotea na kwamba heri wahame wakiwa wamelipwa kuliko kungoja kusagwa, ilhali Ross na Wacherokee walio wengi walishikilia kwamba hakuna kuuza hata kipande. Mhariri, hapa naomba unitegee sikio kwa namna ya pekee. Boudinot alitaka kuchapisha hoja za pande zote mbili, lakini Ross akakataa, kwa hoja kwamba gazeti la taifa ni sauti ya taifa na kwamba adui akiona mfarakano atautumia. Mwezi Agosti 1832 Boudinot alijiuzulu uhariri. Nani alikuwa sahihi? Kwangu mimi hoja ya Ross si dhaifu kama inavyoonekana kwa mtu aliyezoea kusifu uhuru wa magazeti, kwa kuwa huyu alikuwa kiongozi wa nchi iliyozingirwa. Lakini ni swali ambalo ukumbi mzima ungeweza kulijadili jioni nzima, na bado sijahudhuria mhadhara ambamo limeulizwa. Mwaka 1835 askari wa Georgia waliutwaa mtambo wa gazeti, wakisaidiwa na Stand Watie, ndugu yake Boudinot mwenyewe.

Tarehe 29 Desemba 1835 kikundi kidogo, wakiwamo Boudinot na Major Ridge, baba yake John Ridge, kilikubali Mkataba wa New Echota, uliotoa nchi yote ya mashariki kwa dola milioni 5 na ardhi ya magharibi. Serikali ya Wacherokee haikuwatuma. Ross alipeleka Washington pingamizi lenye majina zaidi ya 15,000, lakini Seneti iliuridhia mkataba huo kwa kura 31 dhidi ya 15, na laiti seneta mmoja tu wa walioukubali angeukataa, theluthi mbili iliyohitajika isingefika. Yaliyofuata ndiyo yanayojulikana: mwaka 1838 jeshi chini ya Jenerali Winfield Scott liliwakusanya watu kambini, takriban 16,000 wakasafirishwa kwa miguu, kwa magari ya kukokotwa na kwa mashua, na kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi zaidi, kama 4,000 wakafa kambini, njiani au muda mfupi baada ya kufika. Hiyo ndiyo Njia ya Machozi. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba tarehe 22 Juni 1839 Major Ridge, John Ridge na Boudinot waliuawa siku moja mahali tofauti kwa kosa la kutoa ardhi ya taifa, na kwamba Major Ridge mwenyewe, mwaka 1807, alikuwa miongoni mwa waliomwua Chifu Doublehead kwa kosa hilohilo.

Katika mhadhara mmoja niliohudhuria maktabani, mzungumzaji, ambaye si Mcherokee, alieleza safari hiyo kwa hisia, akaonyesha ramani yenye mistari ya njia kutoka Tennessee hadi huku, kisha akazima projekta na kutushukuru kwa kumsikiliza. Nyuma yangu alikaa mama wa makamo ambaye alikuwa bado amevaa kitambulisho cha kazi chenye nembo ya Taifa la Cherokee. Zamu ya maswali ilipofika, aliuliza kwa upole kabisa ni akina nani waliojenga jengo la mahakama la Tahlequah, mji mkuu wa Taifa la Cherokee hapa Oklahoma, maana yeye hulipita kila asubuhi akienda kazini. Mzungumzaji alibabaika. Jengo hilo ni la Mahakama Kuu ya Wacherokee, lilijengwa mwaka 1844, na ndilo jengo la umma kongwe zaidi lililosimama hadi leo katika jimbo zima la Oklahoma. Mwaka huohuo gazeti jipya la taifa, Cherokee Advocate, lilianza kutoka Tahlequah. Miaka 6 tu baada ya msafara, watu hao walikuwa na katiba mpya, mahakama na gazeti, na mwaka 1851 wakafungua shule ya sekondari ya wasichana huko Park Hill kwa fedha za taifa lao.

Pia lipo jambo la utumwa, ambalo si haki kulifunika kwa sababu tu linaharibu simulizi safi ya mdhulumiwa na mdhalimu. Sensa ya mwaka 1835 ilihesabu watumwa Waafrika wapatao 1,600 katika nchi ya Wacherokee. Ross alikuwa na watumwa, Major Ridge alikuwa na watumwa, na tajiri Joseph Vann alikuwa na wengi. Watumwa hao nao walipita Njia ya Machozi, tena wakiwahudumia mabwana wao. Mwezi Novemba 1842 baadhi yao walitoroka kutoka mashamba ya Webbers Falls, huku Oklahoma, wakielekea Meksiko, wakafuatwa na kukamatwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambamo Stand Watie alikuwa jenerali wa upande wa Kusini, mkataba wa mwaka 1866 uliwapa walioachwa huru na vizazi vyao haki zote za Mcherokee. Haki hiyo ilibishaniwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2007 wapiga kura wa Taifa la Cherokee waliwaondoa wazao wengi wa walioachwa huru katika uraia, mwaka 2017 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba mkataba wa 1866 bado unawalinda, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Wacherokee wenyewe ikaagiza maneno “kwa damu”, yaliyowabagua wazao hao, yaondolewe katika katiba. Msomaji wa Kiswahili anayeambiwa habari za Wacherokee bila kuambiwa habari hii amenyimwa sehemu inayomhusu kwa karibu zaidi.

Wala mambo ya 1835 hayajazikwa. Kifungu cha 7 cha mkataba uleule wa New Echota, uliolaaniwa na kumwaga damu, kiliahidi Wacherokee haki ya kuwa na mjumbe katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Mwaka 2019 Chifu Mkuu Chuck Hoskin Mdogo alimteua Kimberly Teehee kushika nafasi hiyo, na Taifa la Cherokee limekuwa likilidai Bunge litimize ahadi. Taifa hilo lina raia zaidi ya 450,000, na eneo lake linagusa kaunti 14 za kaskazini mashariki mwa Oklahoma, mbali na mataifa mengine mawili ya Wacherokee, yaani Keetoowah Waliounganishwa, ambao nao wana makao Tahlequah, na Wacherokee wa Mashariki walioweza kubaki milimani North Carolina. Wilma Mankiller, aliyeliongoza Taifa la Cherokee akiwa Chifu Mkuu kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, alifariki mwaka 2010 tu. Kuzungumza juu ya watu kama hawa kwa wakati uliopita ni kukosa adabu, hata pale msemaji anapofanya hivyo kwa huruma.

Ningependa basi waandaaji wa mihadhara wawaite Wacherokee wenyewe wazungumze, kwa kuwa wanahistoria, walimu wa lugha na wanasheria wao wapo na hawako mbali. Tena wazungumzaji hao wawe zaidi ya mmoja pale inapowezekana, wakiwamo wazao wa walioachwa huru, kwa kuwa wao kwa wao hawakubaliani katika mambo mengi na kutokubaliana huko ndiko kwenye elimu. Muda wa maswali nao uongezwe, ijapokuwa nakiri kwamba hauna budi kusimamiwa kwa mkono thabiti. Katika kila ukumbi husimama mtu wa kutuarifu kwamba bibi wa bibi yake alikuwa binti mfalme wa Kicherokee, ilhali Wacherokee hawakuwa na wafalme, sembuse mabinti zao. Walikuwa na koo saba, na mtoto aliufuata ukoo wa mama. Uraia wa Taifa la Cherokee siku hizi huthibitishwa kwa kuonyesha kwamba mtu ametokana na aliyeandikwa katika orodha za Tume ya Dawes, tume ya serikali ya Marekani iliyowaandikisha raia wa taifa hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, si kwa hadithi za ukoo.

Kwa upande wenu, nawaomba mtume mwandishi Tahlequah wakati wa sikukuu ya taifa lao, inayofanyika kila mwaka wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, kukumbuka katiba iliyotiwa saini tarehe 6 Septemba 1839. Chifu Mkuu hutoa hotuba ya hali ya taifa mbele ya umma, na mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Mwandishi huyo akipata nafasi, apite pia katika jengo lile la mahakama la mwaka 1844, ambalo sasa ni makumbusho, na Cherokee Phoenix lenyewe, ambalo bado linachapishwa Tahlequah, linaweza kumpa ratiba ya mihadhara ya miezi ifuatayo, mkaichapisha ili sisi wasomaji wenu tujue pa kwenda.

Wenu katika kusoma,
Msomaji, Tulsa, Oklahoma