Mwaka Kogwa: wageni waambiwe zaidi ya tarehe

Ndugu Mhariri,

Kila Julai inapokaribia, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, hutangazwa kwa namna ile ile: tarehe, mgeni rasmi, na picha ya vijana wakichapana kwa migomba. Mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au hata mjini Unguja anabaki hajui aondoke saa ngapi, asimame wapi wala avae nini. Ndiyo maana wengi hufika Kae Kuu, uwanja wa sherehe, adhuhuri wakakuta umejaa mabaki ya migomba na majivu, wenyeji washakwenda zao kula. Tunaomba gazeti lako litenge nafasi wiki moja kabla ya sherehe, lieleze mambo ambayo mgeni anayahitaji kweli.

Kwanza tarehe yenyewe. Nairuzi, yaani huo mwaka mpya wa jadi, huhesabiwa kwa siku 365 kamili, bila ile siku inayoongezwa Februari ya mwaka mrefu. Kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ukutani. Anayekata tiketi kwa kukumbuka tarehe ya miaka kumi nyuma atafika siku mbili tatu baada ya shughuli. Na ingawa sherehe huchukua siku nne, kupigana na kuchoma kibanda ni mambo ya siku ya kwanza. Zinazobaki ni za kula, kutembeleana na ngoma. Mwenye kazi Jumatatu na apange safari yake kwa siku hiyo moja.

Julai ni msimu wa kusi, na mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka. Anayetapika kirahisi achukue boti ya asubuhi, akae chini upande wa nyuma ambako chombo hakirushi sana, na asipande na tumbo lililojaa chai ya maziwa. Aje siku moja kabla. Boti ya asubuhi ya siku yenyewe haikuwahishi, kwa sababu kutoka mjini hadi Makunduchi ni zaidi ya kilomita 60, na daladala namba 310 haiondoki mpaka ijae, kisha inashusha na kupakia njia nzima. Nafuu zaidi ni kulala Jambiani au Paje, halafu asubuhi ukashuka kusini kwa gari. Uwe umefika uwanjani kabla ya saa tatu.

Sasa uwanjani, na hapa ndipo wageni wanapoumbuka. Wapiganaji ni wanaume wa pande mbili, kusini na kaskazini, na silaha yao ni mapande ya shina la mgomba. Zamani zilikuwa bakora. Mgomba umechukua nafasi yake kwa sababu shina bichi limejaa maji, likikupiga linapasuka na kumwagika badala ya kukuvunja. Pande lililokatwa mapema likaachwa juani hunyauka na kuwa gumu kama kamba ya meli, na hilo linauma. Angalia wenyeji walivyovaa: makoti mazito katikati ya jua, wengine na kofia za pikipiki. Hawafanyi mzaha. Ugomvi wa mwaka mzima humalizwa pale, na anayepigwa hatakiwi kuondoka na kinyongo.

Mpigano haukai mahali pamoja. Kundi moja likizidiwa hurudi nyuma kwa kasi, na nyuma yake ndiko waliko watazamaji na simu zao hewani. Simama pembeni, kando ya mstari ambao pande mbili zinasukumana, wala usijipange nyuma ya kundi lolote. Acha njia ya kukimbilia. Watoto wadogo wawe mbali kabisa, pamoja na kina mama wanaoimba. Na mgeni asiokote pande la mgomba akaingia kati kwa ajili ya picha: yeye hana deni na mtu pale, na anayempiga hajui kama anacheza au la.

Nguo ni suala la mgomba vilevile. Utomvu wake ukirukia shati jeupe huonekana kama maji tu, lakini ukikauka unageuka hudhurungi, na hapo hata sabuni ya magadi haiutoi. Vaa nguo ya zamani ya rangi iliyokoza, inayofunika mabega na magoti, maana hiki ni kijiji cha Waislamu hata kama ufukwe wa watalii uko jirani. Viatu vifunike vidole. Ardhi ya huko ni ya mawe ya matumbawe na ina ncha.

Kibanda cha makuti makavu huwaka kwa dakika chache tu. Mtu huingia ndani, moto unatiwa, naye hutoka mbio. Tatizo la kila mwaka ni watu wanaojazana mbele ya mlango ili wapate picha nzuri, wakamzibia njia anayetoka. Kaa upande wa kusi, mgongo ukielekea upepo, moshi utakwenda kwa wengine. Wazee wanautazama moshi huo kujua mwaka utakavyokuwa, basi usiwapitie mbele kwa wakati huo.

Nyimbo za wanawake zimejaa vijembe, nyingine za chumbani kabisa, na huimbwa kwa watu wanaojuana. Ukitaka kurekodi, omba. Wapo watakaokubali na kukuimbia wewe mwenyewe, nawe uwe tayari kuchekwa.

Baada ya hapo ni chakula. Makunduchi huamini kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina bahati, kwa hiyo utaitwa, na kukataa si adabu. Lakini kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, mko sita, mkala wali na samaki kisha mkaaga, hilo nalo halipendezi. Kilo mbili za mchele na kilo ya sukari zinatosha kabisa. Mpe mwenye nyumba kimya kimya ukiwa unaingia, usisubiri kuaga, ataona unalipia sahani.

La mwisho ni kurudi. Jioni watu wote wanataka gari moja kwa wakati mmoja, na daladala za kwenda mjini hujaa mapema. Asiye na usafiri wake akubaliane na dereva tangu asubuhi, nauli ya kwenda na kurudi pamoja, na amlipe nusu tu mpaka wafike.

Wapenzi wa Mwaka Kogwa,
Mkoa wa Kusini Unguja