Bibi, mjukuu na mama yake wote ni nyumba moja

Mhariri habari za kazi,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lenu. Nimesoma habari mliyoandika kuhusu miradi ya vijana hapa Dar, na picha ya wale vijana wa fulana mpya wamenyoosha vidole gumba, nimefurahi sikatai, ila kuna kitu kimenikaa kooni tangu mwezi uliopita na ile habari imekichokonoa, bora nikiseme.

Naishi Mbagala. Asubuhi nakaanga maandazi, mchana nashika funguo za kituo chetu. Kituo ni neno kubwa kwakweli, ni fremu moja pembeni ya mashine ya kusaga, viti vya plastiki 14, benchi tumeazima msikitini, na kipimo cha presha ambacho tukimaliza kutumia tunatoa betri tunazificha maana watoto wanazichukua kuchezea. Tumejisajili halmashauri kama kikundi cha kijamii na mshahara hakuna anayelipwa. Tunaangalia wazee, tunaangalia watoto wa sekondari jioni wanapokuja kujisomea, na tunaangalia familia zilizokwama, mama kaachwa na mume, baba kaumia kwenye bodaboda, mwingine kakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, wakambebea mpaka godoro. Mtu akija na shida yake hatumuulizi umri kwanza, tunamuuliza amekula.

Sasa mwezi uliopita tukaandika andiko la kuomba hela kwa shirika moja, silitaji. Wiki 2 tumekesha nalo, kijana wetu wa fomu foo ndo alikuwa anachapa kwenye simu. Jibu likarudi, tuchague walengwa. Yani kwenye ile fomu kuna sehemu ya kuweka tiki, wazee, au vijana, au familia zenye watoto wadogo, moja tu, sisi tulikuwa tumeweka zote 3. Dada aliyetupigia alikuwa na heshima zake sitamsema vibaya, akaniambia "mama, mkiweka vijana mna nafasi kubwa, wazee saa hizi hawana wafadhili wengi". Nikamjibu sawa mwanangu, nikakata simu, nikakaa kwenye benchi sijui nifanye nini.

Mhariri ngoja nikupe nyumba moja tu ya mtaani kwetu halafu uniambie wewe tiki niweke wapi.

Kuna bibi ana miaka 72, presha na sukari vyote anavyo. Binti yake yuko Oman kazi za ndani, anatuma hela mwezi huu, miezi 2 kimya, akituma tena inaishia kwenye madeni. Bibi kaachiwa wajukuu 3, mkubwa ni binti wa kidato cha pili. Huyu binti akaanza kukosa shule. Shuleni wakamwandika mtoro, mtaani wakasema keshapata bwana (watu wa kwetu kwa kusema!), na mradi mmoja wa vijana ukamchukua ukampeleka semina ya kujitambua siku 3, akarudi na fulana na daftari lenye picha ya jua linachomoza. Wiki iliyofuata kakosa tena shule.

Mwenzetu mmoja ndo akashtuka, akasema hebu leteni kadi ya kliniki ya bibi. Tukaiweka juu ya benchi na lile daftari la mahudhurio ambalo mwalimu alituazima, tukawa tunasoma tarehe huku na huku kwa kidole. Zinafanana. Kila siku ya kliniki mtoto hayupo shule. Na siku ya pili yake pia, maana dawa moja ikikosekana dirishani wanaambiwa warudi kesho, na bibi kupanda daladala peke yake hawezi, macho yamefifia, kondakta akisema shuka yeye bado anapapasa fimbo.

Yule mtoto hakuwa na tatizo la kujitambua. Alikuwa anajitambua kuliko sisi.

Tulichofanya ni kitu kidogo mno hata kukiandika naona aibu. Tukampata mama mmoja jirani ambaye naye anaenda kliniki hiyohiyo, tukabadilishiwa tarehe ziangukie siku moja, sisi tunatoa nauli yao wote 2 kwenye kopo. Basi. Mtoto muhula huu kakosa siku moja tu, alikuwa na malaria. Sasa niambie hapo tumesaidia kijana au tumesaidia mzee? Maana kwenye ripoti ya mfadhili wa vijana ile nauli ya bibi ni hela iliyoliwa, nje ya bajeti, tungeulizwa risiti na maelezo.

Na inaenda hivohivo upande wa pili. Alhamisi ni siku ya wazee kupima presha, na tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole tunapata wazee ambao dole halisomi kabisa, limelainika kwa majembe na kufua, mashine inakataa, bila laini ya jina lake hata hela akitumiwa itapita kwenye simu ya mtu mwingine na wee unajua simu ya mtu mwingine. Wanaowasaidia ni hawahawa vijana. Wanawaosha vidole kwa maji ya vuguvugu, wanajaribu cha shahada, cha kati, mkono mwingine, wanaenda nao mpaka kwa wakala na kurudi. Kuna mmoja kati yao mwaka juzi alikuwa anashinda kwenye kibanda cha kubeti, mikeka mfukoni kama kitabu, leo wazee wanamwita kwa jina la utani na asipotokea Alhamisi wanamuulizia kwao. Yule sisi hatukumpa semina yoyote, tulimpa bibi wa kumfundisha simu. Mnakumbuka 2022 panya road, yale magenge ya vijana, walivyotutia kiwewe Dar hii, kila kiongozi akawa anaongelea vijana, mimi najiuliza ni nani aliyewaulizia wale watoto walikuwa wanalala kwa nani na huyo aliyewalea alikuwa na miaka mingapi.

Serikali nayo imekaa kwa mafungu, sisemi kwa ubaya. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, ni mikopo mizuri na kuna watu kwetu wameinuka nayo, ilivyosimamishwa 2023 tuliumia na iliporudishwa tukashukuru. Lakini mzee wa miaka 70 mkopo ataurejesha na nini, na mzee wa kiume hata fungu lake halipo. Sera ya wazee ipo tangu 2003, mzee asiye na uwezo anatibiwa bure, vizuri, dirisha lao lipo limeandikwa kabisa, tatizo ni hapo niliposema, kufika kwenye dirisha na kukuta dawa. Wenzetu Zanzibar tangu 2016 wana pensheni jamii kila aliyefika 70, haijalishi alikuwa mvuvi au karani. Huku bara bado tunasubiri, TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, inawafikia baadhi ila si kila mzee yuko kwenye orodha, na kwenye orodha pale pana maneno mengi leo nayaacha.

Nisije nikajifanya sisi ni malaika. Tulichemka na sisi. Ramadhani moja msamaria katuletea unga viroba 40, tukasema tuwape wazee tu maana ndo wanyonge, basi kila nyumba yenye mzee ikapata na mama mmoja ana mapacha wachanga na mume kamkimbia akatoka mikono mitupu kisa hana mzee ndani. Alisimama mlangoni pale pa fremu hakusema kitu, aliangalia tu viroba vinavyopita. Mimi ndo nilikuwa nimeshika daftari. Kwahiyo hii habari ya kuchagua walengwa siipingi kwa kusoma kwenye kitabu, nimeshaifanya kwa mkono wangu.

Naelewa mfadhili naye ana mabosi wake anataka namba. Tunaweza kumpa namba, daftari tunalo, tunaandika kila anayeingia na alichokuja nacho. Tunachoomba atuhesabie nyumba badala ya vichwa vya rika moja. Akituuliza mmefikia vijana wangapi tumwambie nyumba hizi na ndani yake wapo hawa na hawa. Ni jambo la kubadilisha fomu tu jamani, hata hela haiongezeki.

Jambo jingine nalisema harakaharaka, kodi ya fremu. Hakuna anayependa kulipa kodi ya fremu. Wanapenda semina, bango, fulana, maji ya chupa, posho ya mgeni rasmi. Umeme wa LUKU hawalipi. Mwenye fremu anadai ya miezi 6 kwa mkupuo na ana haki yake, hajakosea, ila tukishindwa hapo sijui Alhamisi hawa wazee wataenda kukaa wapi na watoto watasomea taa gani, wengi wao kwao ni chumba kimoja, televisheni, mdogo analia, na kitabu utakifungulia wapi. Ofisi za serikali ya mtaa nyingi nazifahamu jioni zimefungwa kufuli, ukumbi upo mtupu mpaka kesho asubuhi. Mwenyekiti akituachia ule ukumbi kuanzia saa 10 jioni, sisi tutafagia na umeme tutachangia. Tumeshaandika barua, mhuri tumegongewa imepokelewa, tunasubiri.

Kwa lile shirika tumeamua fomu tunairudisha na tiki zote 3 kama mwanzo. Wenzangu 2 hawakukubali, wanasema tuweke vijana tupate hela kwanza halafu tutajua mbele kwa mbele, na siwalaumu, tulipiga kura tukawashinda kwa kura moja. Labda tutanyimwa. Yule kijana anayechapa kaniuliza juzi kwenye sehemu ya maelezo aandike nini, nikamwambia andika habari ya kadi ya kliniki na daftari la mahudhurio, na zile tarehe ziweke zote.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Maandazi, Mbagala