Barua ya wazi kwa wifi yangu anayeanza kusomesha nyumbani Januari

Wifi mpendwa,

Ratiba uliyonitumia nimeiona, na kazi uliyoitia inaonekana: watoto watatu, rangi tatu, kila nusu saa na somo lake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Nakuomba usiibandike ukutani kwanza. Shule hupanga hivyo kwa sababu ina kengele na kila darasa lina mwalimu wake. Kwako mwalimu ni mmoja. Sasa tazama Jumanne saa tatu: wa Gredi ya 5 anaanza mada mpya ya Hisabati, na papo hapo wa Gredi ya 2 anasoma Kiingereza kwa sauti. Wote wawili wanakuhitaji kwa dakika zilezile. Hapo ndipo itakapokatikia.

Anzia mbali, kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada zitakazofundishwa wiki kwa wiki. Mihula mitatu ya Kenya ukiijumlisha inakupa wiki 36 hivi, na wa tatu ndio mfupi, wiki 9. Wewe pangia kazi wiki 30 tu. Sita zilizobaki ziache tupu, moja baada ya kila wiki 5 za kazi, wala usizirundike mwisho wa mwaka. Homa, wageni, msiba, mtoto kukwama kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, vyote hivyo vitakula siku, na wiki tupu iliyo karibu hulipa deni hilo likiwa bado dogo. Ukiziweka zote Oktoba, utafika huko na mtoto ambaye hakuelewa kitu cha Machi na amejengewa juu yake miezi saba.

Kisha pakua miongozo ya mtaala ya gredi zenu kutoka KICD, taasisi inayotunga mitaala ya Kenya. Kila mada ndogo imeandikiwa humo idadi ya vipindi inayopendekezwa, na namba hiyo ina thamani kuliko jedwali lolote la rangi. Ukiweka Hisabati mara 5 kwa wiki, wiki 30 zinakupa vipindi 150. Gawa hivyo kwa mada ndogo, moja baada ya nyingine, kwa penseli. Mada iliyopewa vipindi 10 ni wiki mbili, basi.

Idadi ya vipindi ifuate, lakini dakika zake usizinakili. Kipindi cha shuleni ni dakika 30 kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, na 35 kwa ya 4 hadi ya 6, na sehemu ya dakika hizo huishia kwenye kutuliza darasa, kugawa vitabu na kupitia madaftari. Mtoto mmoja mezani anatosheka na 20 au 25. Ukiona amemaliza mapema usimbebeshe kipindi cha kesho leo, kwa maana kinachomfaa ni kurudia hesabu hizo siku baada ya siku. Robo na thumuni zilizosukumwa kwa saa nzima Jumatatu huwa zimeyeyuka Alhamisi.

Na tarehe usiandike. Andika namba: Hisabati 1, Hisabati 2, Hisabati 3. Kipindi ambacho hakikufanyika leo ndicho cha kwanza kesho, na hakuna kilichoharibika. Azimio lenye tarehe likikosa Jumanne moja, Jumatano inabeba mzigo wa siku mbili, Alhamisi mnaanza kuruka, na Ijumaa hutaki hata kulifungua.

Sasa siku yenyewe. Saa mbili kamili, anza na mdogo wa miaka minne. Dakika 15 zake peke yake: hadithi, kuhesabu vifuniko vya chupa, herufi moja kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Wengi humweka mwisho kwa kuwa hana masomo mazito, na ndiye anayevunja vipindi vya wenzake. Akishashiba uangalizi wako atakwenda kucheza. Wakati huo wa Gredi ya 5 anafanya maswali manane ya Hisabati ya jana, na wa Gredi ya 2 anaandika mwandiko. Saa mbili na robo, wa Gredi ya 2 anakusomea kwa sauti, dakika 20. Kisha dakika 25 za Hisabati mpya na mkubwa, huku wa pili akifanya maswali ya kujumlisha. Saa tatu, uji.

Umeona kinachoibeba saa hiyo? Kazi ambayo mtoto anafanya peke yake ni ile uliyomweleza jana. Ukimpa kazi ya mada aliyoisikia leo, atakuita kila baada ya dakika mbili, na yule unayemfundisha atapotea.

Baada ya uji wakae meza moja. Sayansi, Kilimo, Dini, Sanaa na hadithi za Kiswahili hazihitaji madarasa matatu. Maharagwe manne kwenye glasi, yakibanwa na pamba iliyoloweshwa ukutani mwa glasi ili mzizi uonekane: mdogo anatia maji na kuhesabu mbegu, wa pili anachora, mkubwa anapima mche kwa rula kila baada ya siku mbili na kujaza jedwali. Mbegu ziloweke usiku kucha, pamba iwe na unyevu tu, kwa kuwa maji yakisimama zinaoza. Kuchipua huchukua siku kadhaa, kwa hiyo somo la Jumatatu linaanzia Alhamisi iliyotangulia. Mambo yenye kalenda yake yenyewe, kama mbegu, miandamo ya mwezi na mvua za Machi, ndiyo pekee ninayokuruhusu uyaandikie tarehe.

Masomo hayo ya pamoja yaende kwa zamu bila kufungwa na siku. Sanaa ukiifunga Ijumaa, kila Ijumaa ya safari itaimeza, na kufikia Juni mtakuwa mmeifanya mara tatu.

Andalio la somo liwe mistari minne: lengo, vifaa, kazi, swali la mwisho. Yaandike Jumamosi kwa wiki nzima, na siku hiyohiyo pakua video na uchapishe karatasi, maana bando na stima hukatika Jumatatu asubuhi. Vifaa vya kila siku vitie kwenye mfuko wake.

Jioni jaza rekodi ya kazi, kwa kalamu, yale tu yaliyofanyika kweli. Hifadhi ukurasa mmoja wa kazi ya kila mtoto kwa kila somo kila wiki, ukiwa na tarehe. Mtoto akirudi shuleni, mwalimu mkuu atataka kuona. Huyo wa Gredi ya 5 atafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, kwa hiyo nenda mapema kwenye shule iliyosajiliwa jirani yako uulize jinsi ya kumwandikisha, na wanataka kazi gani za mradi. Usingoje afike Gredi ya 6.

Nitumie kwanza azimio la Hisabati la muhula wa kwanza, la mkubwa peke yake, likiwa bado la penseli. Hayo mengine tutayapanga tukishaliona hilo.

Wifi yako