Risala ya Walezi wa Kujitolea kwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, Jijini Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Dodoma, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mtendaji wa Kata na Wenyeviti wa Mitaa, Maofisa Ustawi wa Jamii, Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, viongozi wetu wa dini, wazazi na walezi, na ninyi vijana wetu mliokaa hapa mbele, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya walezi wa kujitolea wa nyumba ya malazi ya muda kwa vijana wasio na makazi, tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali kuwa nasi. Tarehe 16 Juni Afrika inawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976 walipokuwa wakiandamana kupinga elimu ya kibaguzi. Tumeona inafaa, katika siku kama hii, tuzungumze nawe habari za watoto na vijana wa jiji letu ambao usiku ukiingia hawana pa kwenda. Tunayo hoja moja kubwa, nayo ni kwamba paa na kitanda humwondoa kijana kwenye baraza ya duka kwa usiku ule, lakini kinachomzuia asirudi huko ni mtu mzima anayemfahamu, anayemfuatilia na asiyemkatia tamaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dodoma imekua haraka. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, na hasa baada ya mji wetu kupandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, watu wameingia kwa wingi, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 765,179 ndani ya Jiji peke yake. Pamoja na watumishi, wafanyabiashara na mafundi, wameingia pia watoto. Wapo wanaoshuka kwenye basi pale Nanenane wakitokea Mpwapwa, Kongwa, Chemba au Manyoni, bila mwenyeji na bila nauli ya kurudia. Mchana utawakuta Sabasaba, Majengo na Soko Kuu la Job Ndugai wakibeba mizigo, wakiokota chupa na vyuma chakavu, au wakiosha vyombo kwa mama lishe ili wapate sahani ya ubwabwa. Usiku hujikunja juu ya maboksi kwenye baraza za maduka, na sote tunaoishi hapa tunajua upepo wa Dodoma wa mwezi Juni na Julai ulivyo.

Sababu za kuondoka nyumbani ni nyingi, na tungependa zisikike kama zilivyo, kwa kuwa mtaani huwa tunawaita watoto hawa wakorofi kabla hatujawauliza lolote. Mkoa wetu hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua zikikatika mapema, mtama na uwele havitoshi, baba hutoka kutafuta kibarua, na mara nyingine harudi. Wapo waliofiwa na wazazi wote wawili, na wapo waliokimbia kipigo. Kuna pia mabinti walioletwa mjini na watu wanaojiita ndugu zao, wakafanyishwa kazi za ndani bila ujira, kisha wakafukuzwa usiku wakiwa na mfuko mmoja wa nguo. Mabinti hawa hatuwaoni barazani. Wengi huchukuliwa usiku uleule na mtu anayewapa chumba kwa masharti ambayo hatuna haja ya kuyaeleza mbele ya watoto, na kwa maoni yetu hao ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote, ingawa hawamo katika picha tunayoijenga vichwani tunapotaja watoto wa mitaani.

Kijana anapoletwa kwetu, usiku wa kwanza hatumhoji. Hupewa maji ya kuoga, nguo safi, ugali na mlenda, na mahali pa kulala, wavulana kwao na wasichana kwao. Asubuhi tunatoa taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na kama kuna dalili za ukatili, kwa Dawati la Jinsia na Watoto. Baada ya hapo hukabidhiwa mlezi wake. Mlezi huyo ndiye anayehudhuria kikao cha wazazi shuleni, ndiye anayekaa naye kwenye benchi la zahanati, na ndiye anayetoka kumtafuta akitoroka. Nao hutoroka, Mheshimiwa. Mtoto aliyezoea kuona wema wa watu wazima ukiisha ghafla hutaka kujua kama na huu utaisha. Atavunja sahani, atachukua kisichokuwa chake, ataondoka siku mbili bila kuaga, kisha atasimama getini akitazama atapokelewaje. Jibu analolipata hapo getini lina uzito kuliko mafunzo yote tunayoweza kumpa.

Kwa sababu hiyohiyo hatumpokei kila anayesema anapenda watoto. Mlezi huja na utambulisho wa mtaa wake, huzungumza na Afisa Ustawi, wadhamini wake huulizwa, na hakuna anayeruhusiwa kukaa na mtoto faraghani. Kuna waliochukizwa na masharti haya wakaondoka, nasi hatujutii kuondoka kwao.

Kuhusu kuwarudisha watoto makwao, jambo ambalo sote tunalitamani, tunaomba tusiharakishe. Mtoto akipandishwa basi na kupewa nauli, wakati kilichomkimbiza nyumbani hakijaguswa, atarudi mjini akiwa mjanja zaidi na mgumu zaidi kufikiwa. Ni lazima kwanza kaya itembelewe, bibi, shangazi au mjomba atafutwe kama wazazi hawawezi, kaya yenye sifa isaidiwe kuingia kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na baada ya mtoto kurejea, mtu aende kumjulia hali. Kazi hii inahitaji mafuta ya pikipiki na muda wa Afisa Ustawi ambaye tayari amebeba kata zaidi ya moja, nasi tunalisema hili kwa heshima kubwa, tukiuona mzigo alio nao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Siku anapotimiza umri huo, milango mingi iliyofunguliwa kwa jina la mtoto hufungwa mbele yake, na ndipo tunapowapoteza vijana wengi tuliodhani wameshaokoka. Anatakiwa kuwa na kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na NIDA. Ili akipate anaombwa cheti cha kuzaliwa na taarifa za wazazi, naye hana cheti na hajui wazazi wako wapi. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, wala hafungui akaunti benki, wala hajiungi na kikundi kinachoomba ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya Halmashauri iliyotengwa kwa ajili ya vijana. Yupo kijana wetu mmoja, ambaye ameturuhusu kumzungumzia bila kumtaja, aliyejifunza kuchomelea vyuma mpaka fundi wake akamwamini na funguo za karakana. Aliyemfikisha pale ni mlezi wake, mzee mstaafu, aliyezunguka naye kijiji hadi kijiji kutafuta kadi ya kliniki na kumbukumbu za shule ya msingi, na aliyesimama kuwa mdhamini wake alipopanga chumba. Kijana huyo ana zaidi ya miaka 18, na mpaka leo Jumapili hula kwa mzee huyo.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, na kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Simu namba 116, ya kutoa taarifa hizo, hupigwa bure. Utaratibu wa familia za watu wa kuaminika, wanaompokea mtoto kwa muda kwa idhini ya Ustawi wa Jamii, upo pia. Zinazopungua ni kaya zilizo tayari. Ombi letu kubwa kwako ni kwamba uwaelekeze Watendaji na Wenyeviti wa Mitaa, wakishirikiana na Maofisa Ustawi na viongozi wa dini, wazitafute kaya hizo katika kila mtaa, zichunguzwe na zipewe mafunzo, ili mtoto anayepatikana saa nne usiku asilazimike kulala kwenye benchi la kituo cha polisi kwa kukosa pengine pa kumpeleka.

Tunaomba pia RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na NIDA wapange siku ya kuja kuwahudumia vijana hawa kwa pamoja, sisi walezi tukiwa mashahidi wao, na Halmashauri iwafikirie wanaotoka kwenye malezi inapogawa mikopo ya vijana na nafasi za kujifunza ufundi. Nasi kwa upande wetu tunaahidi kwamba kijana atakayekabidhiwa kwetu hatutamwondolea mlezi wake kwa sababu tu ya kutimiza miaka 18.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.