Wauza betri wapime kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza betri na mafundi wenzangu wa hapa Busia, upande wa Uganda. Nawasemesha pia wenye magari, kwa sababu pesa zinazopotea ni zao.

Gari likipigwa stata likalia tak-tak-tak bila kuwaka, mjini kwetu jibu ni moja tu: betri imekufa. Boneti haijafunguliwa, betri mpya imeshashushwa kwenye rafu. Sikatai kwamba mara nyingi ni betri kweli. Ila kuna siku siyo, na siku hiyo mteja analipia kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Juzi mama mmoja anayechukua mukene (dagaa) na samaki wa chumvi kutoka Majanji, kando ya ziwa, aliletwa kwangu, pikapu yake ikivutwa kwa kamba. Alikuwa ametoka kununua betri mpya, zaidi ya shilingi laki tatu, na gari bado linalia vilevile. Kumbe dukani alikuwa amemuuliza kijana aliyemuuzia, "Mwanangu, taa zinawaka vizuri, betri imekufaje?" Kijana hakumjibu. Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa dukani siku ile.

Mlio ule unatoka kwenye solenoidi, swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Yenyewe inahitaji umeme kidogo tu kuvuta na kugusanisha shaba zake, lakini shaba zikigusana, mota ya stata inadai ampea 100 na zaidi, na kwa injini ya dizeli ni nyingi kuliko hizo. Betri ikiwa dhaifu, volti zinaanguka papo hapo, solenoidi inaachia. Ikiachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ndiyo ile tak-tak-tak. Sasa washa taa kubwa za mbele, mtu mwingine apige stata, wewe uzitazame. Zikififia hadi kukaribia kuzima, shuku betri, au vichwa vyake vilivyoota ukungu mweupe na kulegea. Zikibaki zinang'aa huku stata inalia tu, basi betri ina nguvu ila nguvu hiyo haifiki kwenye stata.

Za mama yule zilibaki zinang'aa. Nikachukua mita ya kupimia volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia apige stata. Hapo mita haipaswi kuzidi nusu volti. Yake iliruka ikapita volti tano. Nikaunga waya wa kuazimia chaji kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini, na gari likawaka mara ya kwanza. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa athi, ule mnene unaounganisha injini na bodi: maji ya chumvi ya samaki yalikuwa yameula hadi zimebaki nyuzi chache. Waya mpya haukufika hata sehemu ya kumi ya bei ya betri. Na kuuacha vile ni hatari, maana umeme uliokosa njia hupita penye chuma chochote, hata kebo ya kukanyagia mafuta, ukaipasha moto.

Kuna mlio mwingine, tak moja nzito kisha kimya. Hapo, kama taa hazififii, mara nyingi ni shaba za solenoidi zilizoungua au brashi za stata (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) zilizokwisha, na vyote viwili vinabadilishwa bila kutupa stata nzima. Kama taa zinafifia sana na betri ni nzima, huenda injini yenyewe imekwama. Aliyepita kwenye maji ya mafuriko asiendelee kupiga stata, maji yakiwa ndani ya silinda yanapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Kwa vijana wa gereji: acheni kulala chini ya gari na kugusanisha solenoidi kwa bisibisi bila kuhakikisha gia imetoka. Gari linaruka na kumkanyaga aliye chini yake. Na betri iliyopungua maji haiongezwi asidi, inaongezwa maji safi ya betri, kwa sababu kinachopotea ni maji na asidi inabaki ndani.

Ninachoomba si kigumu. Kila duka la betri liwe na mita, na mteja apimiwe akiona kwa macho yake, betri ikiwa imetulia na wakati stata inapigwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ikishuka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, ingawa ilikuwa imechajiwa na injini haijakwama, hapo muuzie mpya kwa dhamiri safi. Vipimo hivyo viandikwe kwenye risiti. Na betri ya zamani isichukuliwe kama sehemu ya malipo kabla gari halijawaka. Ya mama huyu ilichukuliwa, akapunguziwa kidogo, na aliporudi kuidai akaambiwa imeshauzwa kama chuma chakavu. Ilikuwa nzima. Mwenye duka hilo anajijua, na namwomba amrudishie mama yule pesa zake.

Fundi wa umeme wa magari,
Busia, Uganda